Anatema ORS na hataki kuguswa: nimnywesheje mwanangu anayeharisha?

Swali: Shikamoo daktari. Ninaishi Makorora, Tanga, nina watoto wawili. Wa pili ni wa kiume, ana miaka 3 na kilo 12 kwenye kadi ya kliniki. Tangu mdogo ana namna yake: hataki kulowa, hataki nguo mpya, akisikia blenda anaziba masikio na kulia, na chakula chake ni wali mkavu, chapati na ndizi mbivu basi. Leo ni siku ya tatu anaharisha maji, kama mara 6 kwa siku, na jana alianza kutapika. Nikimpa ORS, ile dawa ya unga ya kukoroga kwenye maji, anaitema hata haijapita ulimini. Kumtawaza ni vita. Mama mkwe anasema ni deko, tumbane pua tumnyweshe. Nifanyeje, na nitajuaje kwamba sasa ni wakati wa kumpeleka hospitali ya Bombo?

Jibu: Marahaba, mama, na pole sana kwa kuuguza. Ndani ya swali lako mna mambo mawili ambayo kwa kawaida hujibiwa mbalimbali. Kuna tumbo linaloharisha, ambalo kanuni za kuliuguza zinajulikana na zimeokoa watoto wengi mno, na kuna mtoto ambaye milango yake ya fahamu hupokea ladha, sauti na mguso kwa ukali kuliko watoto wenzake, ambaye kanuni hizo, zikitekelezwa kama zilivyoandikwa tu, hazimfikii. Msimamo wangu baada ya miaka mingi ya kuwahudumia watoto wa aina hii ni kwamba kiasi cha maji anachohitaji mwilini hakina mjadala, ila kila kinachoyazunguka maji hayo, yaani kikombe, kijiko, ubaridi, mahali anapokaa na mkono unaompa, kinaweza kugeuzwa kumfuata yeye.

Nianze na hatari, kwa kuwa huenda unasoma haya mtoto akiwa mapajani. Mtoto asiyeweza kunywa kabisa, anayetapika kila kinachoingia, aliyepatwa na degedege, aliyelegea au aliyelala kiasi cha kutoamka vizuri, au anayetoa choo chenye damu, apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, iwe mchana au usiku wa manane. Vivyo hivyo choo kikiwa kama maji yaliyooshewa mchele na kinatoka kwa wingi, maana hivyo ndivyo kipindupindu kinavyoonekana, na mtoto wa kilo 12 anaweza kukaukiwa maji ndani ya saa chache.

Ugumu kwa mwanao ni kwamba dalili hizi tumezoea kuzipima kwa kumlinganisha mgonjwa na watoto wengine, hali yeye hakuwa kama watoto wengine hata alipokuwa mzima. Kwa hiyo mlinganishe na yeye mwenyewe. Nimewahi kupokewa na mama aliyeniambia kwa furaha kwamba mtoto wake leo ametulia, amekubali kutawazwa bila kelele. Mtoto ambaye kila siku hupiga mayowe akiguswa na maji, siku akinyamaza na kuacha mwili wake ugeuzwe huku na huku, huyo hajazoea. Ameishiwa nguvu, na kwake yeye ukimya huo ni dalili ya hatari. Yule tulimtundikia dripu dakika ile ile.

Watoto wa aina hii wengi pia hawatambui vizuri kinachotendeka ndani ya miili yao. Hatasema ana kiu na hatasema tumbo linamuuma. Utamwona akibonyeza tumbo kwenye ukingo wa kitanda, akijing'ata mkono, au akikataa kulala. Ndiyo maana usisubiri aombe maji. Tazama picha yake ya wiki iliyopita kwenye simu yako, kisha umtazame usoni, uone kama macho yamezama ndani. Akilala, pasha mikono yako moto kidogo, bana ngozi ya tumbo kwa vidole viwili katikati ya kitovu na ubavu, kisha uiachie. Ikirudi polepole amepungukiwa maji, na ikichukua zaidi ya sekunde 2 amepungukiwa sana. Ukifanya hivyo akiwa macho atajikaza na kulia, na hutajua chochote. Hesabu pia mkojo: saa 6 hadi 8 bila kukojoa ni ishara ya kwenda hospitali, hata kama anacheza.

Sasa tuje kwenye ORS yenyewe. Ndani ya pakiti hiyo mna sukari na chumvi zilizopimwa kwa uwiano maalumu, kwa sababu ukuta wa utumbo huzipokea zikiwa pamoja, moja ikiivuta nyenzake, na maji huzifuata. Njia hiyo hubaki wazi hata utumbo ukiwa mgonjwa. Uwiano ukivurugika, faida inapotea. Pakiti ya gramu 20.5 ni ya lita 1 kamili ya maji safi, ingawa zipo pakiti ndogo zaidi, kwa hiyo soma maandishi yake, uikoroge yote kwa mara moja, na kilichobaki baada ya saa 24 kimwagwe. Nalisisitiza hili kwa sababu wengi wetu, mtoto akikataa, huanza kumwaga unga kidogo kwenye kikombe kimoja kwa kukisia, na chumvi ikizidi inamdhuru mtoto. Siku ambayo pakiti haipatikani, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa kwa juu, katika lita 1 ya maji yaliyochemshwa, vitasaidia mpaka uipate. Onja kabla hujampa. Chumvi yake isizidi ile ya machozi.

Mtoto wa umri wake anahitaji mililita 100 hadi 200 kila baada ya choo cha maji, yaani nusu kikombe hadi kikombe kizima cha chai. Ukimletea kikombe hicho kimejaa umeshashindwa kabla hujaanza. Nunua dukani bomba la sindano la mililita 5, lisilo na sindano yake, ulioshe kwa maji ya moto, halafu umwache alichezee kwanza, avute maji na kuyasukuma mwenyewe. Kisha akae wima, uweke ncha ndani ya shavu, kamwe isielekee kooni, na usukume taratibu. Mililita 5 kila baada ya dakika 2 ni mililita 150 kwa saa, na tumbo linalotapika hustahimili matone hayo pale ambapo kikombe kizima kingerudi chote. Akitapika, pumzika dakika 10, kisha anza tena polepole zaidi. Alichotapika ni sehemu tu ya alichokunywa.

Watoto hawa hustahimili jambo gumu wakijua mwisho wake uko wapi. Panga vizibo 10 vya soda kwa mstari juu ya kiti, vikiwa chini ya mkono wako ili asivitie mdomoni. Kila bomba likiingia, ondoa kizibo kimoja, ukihesabu kwa sauti ile ile ya chini. Mstari ukiisha, maji yamekwisha, na usimwongeze hata tone, maana ukimdanganya mara moja mstari wa pili hautamvutia. Mstari mmoja ni mililita 50 na kama dakika 20. Miwili hadi minne ndiyo fidia ya choo kimoja. Apumzike kidogo kati ya mstari na mstari, naye asipumzishwe mpaka akasahauliwa.

Chunguza pia ni nini hasa anachokikataa, maana si lazima kiwe ladha. Nilikuwa na mtoto wodini ambaye kwa siku nzima tuliandika kwenye jalada lake kwamba anakataa ORS, mpaka bibi yake alipotoa kijiko cha plastiki kwenye kikapu, na mtoto akanywa. Kilichokuwa kikimsumbua ni chuma kugonga meno. Mwingine hukubali ikiwa baridi sana. Kama una friji, ORS unaweza kuigandisha kama barafu za ukwaju wanazouza watoto mitaani, kisha uisage laini na kumpa kwa kijiko, kwani ubaridi hupunguza makali ya ladha na haubadilishi kilichomo. Ila usiongeze sukari wala juisi ndani yake. Angalia hata maji unayokorogea: yaliyotiwa WaterGuard, ile dawa ya kuua vijidudu kwenye maji ya kunywa, yana harufu ambayo wewe huisikii tena, yeye anaisikia. Kama amezoea maji yenye harufu ya mtungi, chemsha maji, yapoe, yaweke kwenye mtungi uliooshwa na kufunikwa, uyateke kwa kata yenye mpini, ndipo ukorogee hayo.

Kumbana pua, hapana. Mtoto aliyebanwa pua huvuta pumzi kwa mdomo uleule uliojaa maji, na maji huenda mapafuni. Kwa mtoto aliyelegea hilo linaweza kuwa kubwa kuliko kuharisha kwenyewe. Tena mtoto wako ataukumbuka mkono huo, kikombe hicho na chumba hicho kwa miezi, na kesho hutamgusa. Mama mkwe wako simlaumu, kwa kuwa anaona mjukuu anakauka na anataka kusaidia. Kwa zama zake huenda alifanya hivyo na watoto wakapona. Mwombe kwa adabu awe yeye mshika vizibo na mhesabuji. Wazee wetu wana subira ya kukaa na jambo moja kwa dakika 20, subira ambayo wewe mwenye usingizi wa siku tatu huna kwa sasa.

Kuhusu vinywaji vingine: madafu yana potasiamu nyingi lakini chumvi yake ni kidogo, kwa hiyo ni nyongeza nzuri kama anayapenda, si badala ya ORS. Soda na juisi za madukani, kwa sukari yake nyingi, huongeza kuharisha. Hata hivyo sitaki ukae na mtoto asiyenywa chochote kwa kusubiri kilicho bora. Utafiti uliofanyika Toronto, Kanada, na kuchapishwa mwaka 2016, uliwafuatilia watoto 647 wa miezi 6 hadi 60 ambao walikuwa na upungufu mdogo sana wa maji, na ukaona kwamba waliopewa juisi ya tofaa (epo) iliyozimuliwa nusu kwa nusu, kisha vinywaji walivyovipenda wenyewe, walihitaji dripu au kurudi kwa daktari kwa uchache kuliko waliopewa mchanganyiko wa chumvi na sukari. Wale walikuwa watoto wenye hali nzuri, karibu na hospitali kubwa, na mwanao yuko siku ya tatu, kwa hiyo ORS inabaki kuwa ya kwanza kwako. Ninalolichukua kutoka humo ni kwamba uji mwepesi au maji ya wali anayoyakubali yana thamani kuliko ORS iliyoishia kwenye nguo.

Jambo ambalo wazazi huniuliza mwishoni, nami hutamani wangeuliza mwanzoni, ni kuficha dawa ndani ya chakula. Usifiche ORS wala dawa yoyote ndani ya wali, chapati au ndizi yake. Mtoto mwenye vyakula vitatu akigundua ladha ngeni ndani ya kimoja, hubaki na viwili, na wakati mwingine hicho cha tatu hakirudi. Hata bila kuficha, mwili wa binadamu hukichukia chakula kilicholiwa muda mfupi kabla ya kutapika, na kwa watoto hawa chuki hiyo hudumu. Wakati kutapika kumekolea, mpe maji ya ORS tu, bila chakula. Kukitulia kwa saa kadhaa, mrudishie chakula bila kuchelewa, kwa sababu njaa haitibu kuharisha, ukianza na kile asichokipenda sana kati ya vitatu vyake, vijiko viwili vitatu, kwenye sahani yake ileile. Huu si wakati wa kumzoesha mtori wala supu ya samaki. Akipona, mwongezee mlo mmoja kwa siku kwa wiki 2, wa hivyohivyo vyakula vyake.

Zinki ni sehemu ya matibabu, nayo huachwa mapema kuliko dawa zote. Kwa umri wake ni miligramu 20 kwa siku kwa siku 10 hadi 14, hata kuharisha kukikoma siku ya nne, kwa kuwa husaidia utumbo kupona na hupunguza uwezekano wa kuugua tena katika miezi inayofuata. Kidonge huyeyushwa kwenye kijiko cha chai chenye maji safi, na ladha yake ni kama ya chuma. Mpe kwa bomba, kwa mara moja, saa ileile kila siku, na umwambie ukweli kwamba ni dawa na ina ladha mbaya, kisha umpe maji anayoyapenda. Akitapika ndani ya nusu saa, rudia. Dawa za kufunga choo hazifai kwa mtoto mdogo, na Flagyl (metronidazole), dawa ambayo wengi hununua bila kupimwa, haina kazi kwa kuharisha maji kwa kawaida. Mtu akikwambia kwamba ni meno ya plastiki na yang'olewe, usikubali. Kile kinachotolewa ni chipukizi la jino la kawaida, na kidonda chake huweza kuua.

Kumtawaza umekuita vita, nami naamini. Mguso mwepesi na wa ghafla humuumiza kuliko mguso mzito unaotarajiwa. Mwambie kabla, hesabu mpaka tatu, mwache amimine maji yeye mwenyewe kwa kopo kama anaweza, na maji yawe vuguvugu, kwenye sehemu husika tu. Usimsugue. Tandika kanga mapajani, umkalishe juu yake, ubonyeze mpaka pakauke. Hapo chukua kanga kuukuu, ile iliyofuliwa mpaka ikalainika, maana mpya bado ina ugumu wa kiwandani na kwake ni kama msasa. Paka mafuta ya mgando kabla choo kingine hakijaja, kwa sababu ngozi ikichubuka kila kutawazwa kutakuwa maumivu ya kweli, na hapo hutaweza kumlaumu kwa kupiga kelele. Jik ya kusafishia sakafu itumike yeye akiwa chumba kingine, na nyinyi nyote mnaomhudumia mnawe kwa sabuni kila mara, maana huyo mkubwa wako naye yumo nyumbani.

Suala la kama ana usonji (autism) lisikushughulishe wiki hii. Daktari Leo Kanner, alipowaeleza watoto 11 wa kwanza mwaka 1943, tayari aliandika juu ya kukataa chakula na kuogopa sauti kubwa, na tangu mwaka 2013 mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani unahesabu ukali wa hisia kuwa miongoni mwa dalili za usonji. Lakini wapo watoto wengi wenye hisia kali ambao hawana usonji. Akipona, omba apimwe kwenye kliniki ya watoto na aonwe na mtaalamu wa utengemao, yaani wa kumsaidia mtoto kumudu shughuli za kila siku. Mweleze daktari pia kama kabla ya siku hizi alikuwa akikaa siku nyingi bila choo. Watoto wenye vyakula vichache hufunga choo mara kwa mara, na choo kigumu kikiziba, majimaji hupenya pembeni na kuchafua nguo, mtu akadhani ni kuharisha. Kwa mwanao, kutapika na wingi wa choo havielekei huko, ila tumbo lake lipapaswe.

Kwa leo sikushauri usubiri mpaka kesho. Anza mistari ya vizibo sasa, na kama baada ya saa 4 bado anatapika kila kitu, au hajakojoa, au umeona lolote kati ya niliyoyataja, nenda Bombo kukiwa bado mchana. Chukua kadi ya kliniki, bomba lake, kikombe chake, kanga ile kuukuu na kitu cha kumziba masikio, hata kama ni kofia nzito. Ukifika mapokezi, sema kabla hajaguswa: "Mwanangu anaharisha siku ya tatu, anatapika tangu jana, na akishikwa ghafla anapagawa, naomba nimshike mimi." Muuguzi aliyeambiwa mapema hufanya kazi tofauti. Wakiona amepungukiwa maji lakini anaweza kunywa, watataka apate mililita 75 kwa kila kilo, yaani kama mililita 900 kwa saa 4 mbele ya macho yao. Omba umpe wewe, kwa bomba lako na vizibo vyako. Dripu ikihitajika, mkumbatie kwa nguvu na kwa utulivu, uombe mkono ufungwe bendeji juu ya plasta ili asiione wala kuichokonoa.

Na kuanzia mstari wa kwanza, andika kwenye karatasi saa, idadi ya vizibo, choo, matapishi na mkojo. Mtoto wako hawezi kumweleza daktari anavyojisikia, nawe kwa uchovu utachanganya mchana na usiku. Karatasi hiyo ndiyo nitakayoiomba kwanza nikikupokea.